Geti Likifungwa, Watoto Wataenda Wapi?

Ujumbe wa ibada ya pili. Masomo: Zekaria 8:1–17 na Nehemia 5:14–19.

 

Likizo ya Aprili nilienda hospitalini kumwona mvulana mmoja wa mtaa wetu. Yuko Gredi ya 6. Mama yake ni mshirika hapa, na amenipa ruhusa nieleze jambo hili bila kutaja majina. Kijana alikuwa amedandia lori la mchanga pamoja na wenzake wawili. Lori lilipofika kwenye matuta akateleza, mguu ukavunjika mahali pawili. Tunamshukuru Mungu, leo anatembea. Lakini siku ile alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, na mimi nimefika na ndizi, juisi na mahubiri kamili kichwani. Nilikuwa nimejipanga kumfundisha adabu.

Nikamuuliza, "Kijana, ulikuwa unatafuta nini nyuma ya lori?"

Akanijibu bila hasira yoyote, "Tulikuwa tunacheza tu, Pasta. Ukumbi ulifungwa. Tukaenda huko kanisani, soja akatuambia turudi kwetu."

Mahubiri yangu yaliishia hapo. Nikaomba naye, nikasalimia mama, nikatoka. Yale maneno nimeyabeba tangu Aprili. Leo, wiki moja kabla shule zifungwe, nataka kuyatua mbele zenu.

Wengi wenu mnaujua huo ukumbi wa jamii. Kwa miaka kadhaa, kila likizo, asubuhi mpaka saa saba mchana, watoto wa mtaa walikuwa wanakusanyika pale. Kulikuwa na vijana wawili wanaolipwa posho kidogo ya serikali kuwasimamia. Kulikuwa na mipira, kamba za kuruka, drafti, netiboli, na uji saa nne. Hakikuwa kitu cha kupigwa picha gazetini. Lakini mama aliyeenda kibarua alijua mtoto wake yuko wapi. Halafu siku moja karatasi ikabandikwa mlangoni, imepigwa muhuri: shughuli za likizo zimesitishwa kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kufuli ikawekwa. Hakuna aliyeandamana. Hata sisi hapa kanisani hatukuitaja kwenye matangazo.

Mtu anaweza kusema, "Pasta, ni mchezo tu, kuna mambo makubwa nchini." Basi twende kwa Neno tuone Mungu anasema nini kuhusu mchezo.

1. KIPIMO CHA MUNGU KIKO BARABARANI

Zekaria alianza kutabiri mwaka wa 520 kabla ya Kristo. Watu wametoka uhamishoni Babeli, wamerudi Yerusalemu, na Yerusalemu ni magofu. Hekalu halijaisha. Ukisoma aya ya 10 utaona hali ya uchumi ilivyokuwa: mtu alifanya kazi bila mshahara, hata mnyama hakuwa na ujira, na usalama haukuwepo kwa anayetoka wala anayeingia. Unaisikia hiyo? Hakuna kazi, hakuna pesa, hakuna usalama njiani. Ni kama anaandika kuhusu mtaa wetu.

Katika hali hiyo Mungu anamwonyesha nabii mji uliopona. Mimi nimesoma biashara chuoni. Ningeulizwa mji uliopona unaonekanaje, ningesema barabara za lami, maduka yamejaa, ushuru unakusanywa vizuri. Mungu anaonyesha kitu kingine. Aya ya 4 na ya 5: pembeni ya barabara wameketi wazee, babu na shosho, wameegemea bakora kwa sababu ya umri mwingi. Na katikati ya barabara ni watoto, wavulana kwa wasichana, wamejaa tele, wanacheza.

Nisikie vizuri. Mungu hakusema watoto watakuwa darasani. Darasa ni zuri, lakini hakulitaja. Hakusema watakuwa hekaluni wamekaa kimya. Alisema wanacheza. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hachezi penye vita. Mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa tu ukutani. Mtoto hachezi penye magari yanayokimbia wala penye watu wanaomwinda. Ukiona watoto wamejaa mahali wanacheza, ujue kuna amani, kuna chakula, na kuna mtu mzima anayeangalia. Ndiyo maana wale wazee wako hapo hapo. Mungu hakuwaweka watoto peke yao.

Sasa chukua hicho kipimo upime jiji letu likizo ya Agosti. Shule ikifungwa, si masomo pekee yanayofungwa. Hapa Nairobi, tangu 2023, kuna mpango wa Dishi na County, ambapo mtoto analipa shilingi 5 anapata chakula cha mchana shuleni. Tunashukuru kwa hilo. Lakini likizo ikifika, mtoto yule yule, na njaa ile ile, yuko kwenye ploti ambayo uwanja wake ni kamba za nguo na matangi ya maji. Mama yuko sokoni tangu alfajiri. Akitoka nje, kuna barabara. Na barabarani kuna malori.

Wazee waliokulia Kaloleni, Makadara na Jericho watakuambia kumbi za jamii zilikuwa sehemu ya maisha yao. Leo viwanja vinaisha. Mnakumbuka Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi kwa sababu walikuwa wanadai uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watoto walilia nchi nzima ikiona. Uwanja mmoja ulipiganiwa kwa sababu ulikuwa na kamera mbele yake. Programu ya likizo ikiondolewa kwenye bajeti haitoi moshi. Inatoka kimya kimya, mstari mmoja kwenye karatasi.

2. LANGONI NDIPO MAAMUZI HUFANYIKA

Songa mpaka aya ya 16. Mungu anawaambia wale watu waseme kweli, na wahukumu kwa haki malangoni. Siku zile lango la mji halikuwa la kupitia tu. Ndipo wazee walipoketi, kesi zikasikizwa, mali ikagawanywa. Kwa hiyo kati ya watoto wanaocheza aya ya 5 na haki ya malangoni aya ya 16, kuna uhusiano. Barabara haiwezi kujaa watoto kama langoni kumeoza.

Lango letu siku hizi ni bajeti. Najua ukisikia bajeti unataka kusinzia. Vumilia kidogo, nitafundisha kama niko darasani.

Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kukataliwa, serikali ilipunguza matumizi. Mgao wa kaunti zote, uliokuwa shilingi bilioni 400.1, ukashushwa hadi bilioni 387.4. Sisemi kwamba ukumbi wetu ulifungwa kwa sababu hiyo. Ninachosema ni jinsi upungufu unavyotembea. Pesa zikipungua, mishahara haiguswi, kwa sababu wafanyakazi wana chama. Madeni hayaguswi, kwa sababu mdai ana wakili. Safari za wakubwa zinapunguzwa kwa maneno. Kinachokatwa kwanza ni kile ambacho mwenyewe hana kura, hana chama, hana wakili. Mtoto wa miaka kumi na moja hana hata kimoja.

Nehemia alikuwa gavana. Soma sura ya 5. Magavana waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli arobaini za fedha. Yeye kwa miaka kumi na miwili hakula posho ya ugavana, na bado mezani pake waliketi watu mia moja na hamsini. Anasema sababu: mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Upungufu ulipokuja, Nehemia alianza kukata meza yake mwenyewe. Hakuanza na uji wa watoto. Sema Amina.

Kuna mtu ananiambia, "Pasta, hiyo sasa ni siasa." Mpendwa, mimi simtaji mtu wala chama. Lakini nataka ujue haki yako. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Katiba yetu ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vya burudani. Na kifungu cha 201 kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mama mboga wa kanisa hili analipa kanjo kila siku kabla hajauza hata sukuma wiki ya kwanza. Huo ukumbi ni wake. Akiuliza kwa nini umefungwa haombi msaada, anadai alicholipia.

Na sauti inafanya kazi. Nyinyi mashabiki wa Manchester United, msilale. Mwaka 2020 Marcus Rashford, akiwa na miaka 22, alianza kuisumbua serikali ya Uingereza kuhusu watoto wanaokosa chakula shule zikifungwa. Juni wakamsikiza. Oktoba Bunge likakataa kuendelea. Unajua kilichofuata? Mikahawa midogo mijini ikaanza kutoa chakula yenyewe, bila kungoja, huku kelele zikiendelea. Novemba serikali ikageuka. Mwaka 2021 mpango wa likizo ukafika kila eneo la England, ukiwa na chakula na michezo pamoja. Wale watu walifungua milango yao, na bado hawakunyamaza.

Hapo ndipo ninapofika kwa jambo ambalo ni gumu kwangu kusema.

3. GETI LETU WENYEWE

Yule mtoto alisema mambo mawili. Ukumbi ulifungwa, hilo tumelihubiri vizuri. Halafu akasema soja wa kanisa aliwarudisha. Ni nani alimpa soja hiyo amri?

Ni mimi.

Mwaka jana tulipoweka kabro hapo nje, mpira ulipiga gari la mshirika mmoja, kioo cha pembeni kikavunjika. Nikamwambia soja, siku za wiki watoto wasiingie. Ilinichukua nusu dakika. Sikuomba juu yake, sikumuuliza Askofu.

Si hilo tu. Novemba, kamati ya fedha ilikaa kupanga bajeti. Sadaka zilikuwa zimeshuka. Mimi ndiye niliyeandaa hesabu, maana ndiyo niliyosomea. Kulikuwa na kifungu cha michezo ya watoto wakati wa likizo, shilingi 86,000, Agosti na Desemba. Kando yake niliandika maneno mawili: "hakina mapato." Nikakikata. Mstari uliofuata ulikuwa awamu za kulipia spika mpya, shilingi 45,000 kila mwezi. Huo sikuugusa, kwa sababu tumeweka sahihi, na mwenye duka angetupigia simu. Watoto hawangepiga simu. Kamati ikapitisha, tukafunga kwa maombi.

Wapendwa, nimekaa na ile karatasi ya ukumbini na karatasi yangu, nikaziweka kando kando. Zinafanana. Ile ina muhuri wa serikali, yangu ilifunguliwa na kufungwa kwa maombi. Nilikuwa nimejiandaa kuja kuwahubiria kuhusu viongozi wanaokata kwa mnyonge, na Roho Mtakatifu akaniuliza nianze na ofisi gani.

Sikufundishwa vibaya chuoni. Ni kweli shirika likikosa pesa linakata matumizi yasiyoleta mapato. Kosa langu lilikuwa kufikiri kanisa linapimwa hivyo. Mungu wa Zekaria hakuuliza Yerusalemu mapato. Aliuliza barabara zake zimejaa nani.

Nimekwenda kwa mama wa yule kijana nikaomba msamaha. Nimekwenda kwa Askofu na wazee, nikaungama. Leo naungama kwenu. Na kwa sababu toba bila matendo ni hewa, haya ndiyo tuliyokubaliana.

TUTAKACHOFANYA

Kwanza, geti litafunguliwa. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya likizo, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, kwa wiki tatu. Magari yote yatakaa upande wa jikoni. Kioo kikivunjika, kanisa litalipa kioo. Kioo kinanunuliwa, mguu wa mtoto haununuliwi.

Pili, gharama. Nimepiga hesabu upya. Uji wa watoto 60 ni shilingi 1,200 kwa siku; siku 15 ni 18,000. Mipira minne ni 6,000. Sanduku la huduma ya kwanza ni 4,000. Vijana wawili, posho ya 500 kila mmoja kwa siku, ni 15,000. Jumla ni 43,000. Ni pungufu ya awamu moja ya spika. Mwenye duka amekubali tusogeze awamu ya Agosti mwezi mmoja. Nilipompigia simu ilichukua dakika nne. Novemba sikujaribu hata kumpigia.

Tatu, usalama. Hatutaki kumtoa mtoto kwa lori tumtie kwa hatari nyingine. Kila anayejitolea ataleta cheti cha tabia njema na kupitishwa na wazee. Hakuna mtu mzima atakayekaa peke yake na mtoto. Kila mtoto ataandikwa kwenye daftari akiingia na akitoka. Na wale wazee wa Zekaria wenye bakora, ninawahitaji. Baba na mama mliostaafu, viti vyenu vitakuwa chini ya ule mti, kazi yenu ni kuangalia tu. Hiyo ni huduma. Iko kwenye Biblia.

Nne, ni watoto wote wa mtaa. Mtoto wa jirani Mwislamu akija, acheze. Wa kanisa lile lingine, acheze. Hatutafungia mtu mpira mpaka aokoke. Na tuige kitu kizuri kutoka Mathare: tangu 1987 kuna chama cha michezo cha vijana, MYSA, ambapo timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye ligi. Basi Ijumaa watoto wetu watafagia mtaro wa mbele wakiwa na watu wazima, na pointi tutahesabu.

Tano, tutaenda langoni. Mzee mmoja ameniuliza swali zuri: "Pasta, tukiifanya hii kazi, si serikali italegea kabisa, iseme kanisa linatosha?" Ndiyo, hiyo hatari ipo. Sisi tunaweza kubeba watoto 60. Wadi hii ina maelfu. Kwa hivyo tutafanya na tutadai. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na makadirio ya bajeti yanafika bungeni mwa kaunti kufikia 30 Aprili. Daftari letu la Agosti ndilo ushahidi wetu: watoto wangapi walikuja, wangapi walikosa nafasi, wangapi walikuja kabla hawajala. Wiki ya mwisho ya Agosti tutalipeleka kwa MCA wetu na kwa kikao cha maoni ya umma. Tutazungumza kwa heshima, bila matusi, na tutaleta namba. Nahitaji watu kumi wa kwenda nami. Si lazima ujue kuongea. Kuketi pale mpaka mwisho kunatosha.

Aya ya 6 inanitia moyo. Mungu anawauliza wale waliobaki: hata kama jambo hili linaonekana gumu machoni penu, je, ni gumu pia machoni pangu? Uchumi ulikuwa chini, mshahara hakuna, na bado Mungu aliona watoto wakicheza. Alianza na watu wachache waliokuwa tayari kujenga.

Jumatano nilimtembelea yule kijana nyumbani. Nikamwambia geti litafunguliwa. Akaniangalia sana, halafu akauliza, "Soja anajua?" Nikamwambia anajua, nimemwambia mwenyewe. Akasema, "Basi nitakuwa golikipa, kwa sababu siwezi kukimbia sana bado."

Nafasi ya kipa imeshachukuliwa, washirika. Zilizobaki ni zenu.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, utusamehe pale tulipoona kosa la wakubwa na tukaficha letu. Nisamehe mimi niliyeandika kwamba watoto hawana mapato. Linda kila mtoto wa mtaa huu likizo hii, aliye kwetu na asiye kwetu, mbali na malori, na mitaro, na watu wabaya. Wape viongozi wetu moyo wa Nehemia. Utupe sisi ujasiri wa kuketi langoni na unyenyekevu wa kufungua geti. Jaza barabara zetu watoto wanaocheza, na uturuhusu tuzeeke tukiwaangalia. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii:
1. Mahali unapoishi, watoto huchezea wapi shule zikifungwa? Nani huwaangalia?
2. Pesa zikipungua nyumbani kwako, kinachokatwa kwanza ni cha nani?
3. Ni geti gani lililo mikononi mwako ambalo unaweza kulifungua Agosti hii?